Mchanga Mweusi na Elektroni Zilizobanana

Mvua ya Novemba ikishapita na mto ukarudi kukauka, mchanga wa mito ya Mbumbuni hubaki na michirizi myeusi, kama kwamba kuna mtu aliyepita akimwaga masizi. Mgeni hudhani ni uchafu ulioteremshwa na mafuriko kutoka vilima vya Mbooni. Watoto wa hapa wanajua zaidi. Huchomoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, wakaifunga uzi, wakaiburuta mchangani, nayo ikiinuliwa hutoka imeota ndevu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, darasa ambalo silabasi ya 8-4-4 ilifundisha usumaku, aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, mbona sumaku inashika huu mweusi na huu mweupe inauacha?" Nilimjibu kama kitabu kinavyojibu, kwamba mweusi una chuma. Sijaridhika na jibu lile hadi leo. Udongo mwekundu wa shamba la wazazi wake nao una chuma tele, tena chuma ndicho kinachoupa wekundu, lakini haurukii sumaku namna hiyo. Kuwa na chuma hakutoshi. Kuna jambo linalofanywa na elektroni ndani ya chembe ile nyeusi, na jambo hilo limewakesheza wanafizikia tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Chembe zenyewe ni magnetaiti: atomu tatu za chuma kwa kila atomu nne za oksijeni. Zimetoka kwenye miamba mikongwe iliyolala chini ya Ukambani, ya ule ukanda ambao wanajiolojia huuita wa Msumbiji, iliyominywa na kupikwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwamba ukioza, maji huondoka na kilicho chepesi. Magnetaiti ina uzito karibu maradufu ya mchanga mweupe wa ujazo uleule, kwa hiyo mto ukipunguza mwendo huitua kwanza, na ndiyo maana michirizi hufuata mikunjo ya mkondo. Si kila chembe nyeusi ni magnetaiti. Nyingine ni ilmenaiti, yenye titani ndani yake, ile iliyochimbwa Kwale kwa miaka kama kumi, nayo sumaku ya spika huivuta kwa shida. Kule Ikutha, kusini mwa Kitui, madini ya chuma yamo kwenye mwamba wenyewe.

Wahunzi wa Ukambani waliujua mchanga huu kabla ya shule yoyote kujengwa. Waliuosha, wakautia tanuruni pamoja na makaa, wakavukuta, wakapata chuma cha vigumba vya mishale na cha mikufu ile myembamba iliyowapa sifa. Makaa yaliinyang'anya magnetaiti oksijeni yake, na kilichobaki kikawa metali. Nitarudi kwenye oksijeni hiyo, maana kuwepo kwake ndiko kunakoleta utata wote.

Chukua fuwele safi ya magnetaiti, pima inavyopitisha umeme, huku ukiipoza. Kwenye joto la kawaida inapitisha. Si kama shaba, lakini inapitisha. Ikifika nyuzi 120 za Kelvin, yaani kama nyuzi 153 za Selsiasi chini ya sifuri, upitishaji wake huporomoka ghafla, mara mia moja hivi. Aliyelitangaza jambo hilo pamoja na maelezo yake, mwaka 1939, ni Evert Verwey, Mholanzi aliyefanya kazi katika maabara ya Philips mjini Eindhoven. Alisema hivi: katika sehemu moja ya fuwele hiyo, kila atomu mbili za chuma zina elektroni moja ya ziada baina yao. Kukiwa na joto, elektroni hiyo haina kwao, mara hapa mara pale, na kuhamahama huko ndiko umeme. Baridi ikizidi, elektroni za ziada zinapangana, kila moja inashika mahali pake, na safari zinakoma.

Wazo lilikuwa zuri, lakini kuthibitisha mpangilio wenyewe kulichukua miaka 73. Mwaka 2012 ndipo Mark Senn, Jon Wright na Paul Attfield walipoimulika kwa miale ya eksirei, kwenye mtambo wa sinkrotroni wa Grenoble, Ufaransa, fuwele yenye upana wa sehemu 40 za elfu za milimita, ndogo kuliko punje ya mchanga wetu. Wakakuta elektroni ya ziada haikai kwenye atomu moja kama Verwey alivyodhani. Inatandazwa juu ya atomu tatu za chuma zilizo kwenye mstari mmoja. Miaka saba baadaye kundi la Attfield likaonyesha kwamba dalili za vikundi hivyo vya watatu huanza kujitokeza mapema mno, kwenye nyuzi 850 za Kelvin, palepale usumaku wa magnetaiti unapozaliwa. Usumaku na mpango wa elektroni vinachipuka pamoja.

Hapa niongeze jambo ambalo watoto wa mtoni hawajaambiwa. Ile sumaku nyeusi ya spika nayo ni oksidi ya chuma, iliyochanganywa na bari au stronti, na sumaku za jamii hiyo zilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na maabara ileile ya Philips, wakati ambapo Verwey alikuwa miongoni mwa waliosimamia utafiti wake. Sumaku na ndevu zake ni ndugu wa baba mmoja.

Kwa nini basi oksidi hizi zina tabia hii, ilhali vitabu vyetu vinafundisha metali kuwa bahari ya elektroni huru zinazoogelea zitakavyo? Mafundisho hayo ni sahihi kwa shaba na aluminiamu. Lakini kuyafundisha kana kwamba ndiyo habari yote ni kosa, na ni kosa linalowanyima watoto wetu nusu iliyo tamu zaidi ya fizikia ya vitu vigumu. Mwaka 1937 Verwey huyohuyo, pamoja na Jan de Boer, alikuwa ameonyesha kwamba oksidi ya nikeli, kwa hesabu ya elektroni huru, ilipasa kupitisha umeme. Haipitishi. Ni kihami. Hesabu ilikuwa imesahau kwamba elektroni zinachukiana.

Kiangazi, punda wanaoteremka mtoni kuchota maji hupita kijia kilichochimbika hadi kikawa kama mfereji. Kila punda ana mitungi ubavuni. Wakiwa wachache, wenye nafasi baina yao, wanapita vizuri. Kijia kikijaa, punda nyuma ya punda kutoka juu hadi kisimani, hakuna anayesonga, ingawa hakuna aliyefungwa kamba. Ili mmoja asogee, sharti wawili wakae mahali pa mmoja, na mitungi haikubali. Hiyo ndiyo hali ya elektroni katika oksidi nyingi za chuma, nikeli na shaba. Oksijeni imezitenganisha atomu za metali, elektroni zimebanwa kwenye maskani finyu, na gharama ya mbili kukaa kwenye atomu moja imekuwa kubwa kuliko faida ya kutembea. Nevill Mott wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1949, na mwaka 1963 John Hubbard akaliandikia hesabu fupi ambayo bado inawashinda wenye kompyuta kubwa kuliko zote.

Punda aliyekwama bado anaweza kugeuza kichwa. Elektroni nayo ina spini, ambayo tunaweza kuifikiria kama sindano ndogo ya sumaku iliyozaliwa nayo, na elektroni iliyozuiwa kutembea haijazuiwa kugeuka. Sheria za kwanta huzifanya jirani na jirani zielekee pande tofauti: huyu juu, yule chini. Sumaku zinafutana, na ukilisogeza jiwe la oksidi ya namna hiyo karibu na msumari halifanyi lolote, kumbe ndani mna usumaku uliopangika kama nyuzi za kikapu. Katika magnetaiti makundi mawili ya chuma yanaelekeana kinyume lakini hayalingani nguvu, kwa hiyo kinabaki kiasi kisichofutwa. Kiasi hicho ndicho kinachoshika sumaku ya mtoto. Louis Néel wa Ufaransa alilieleza hilo mwaka 1948, na lingekuwa jibu langu kwa yule mwanafunzi kama ningekuwa na akili ya kumwambia siku ile.

Upande wa pili wa habari hii ni supakondakta, vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Heike Kamerlingh Onnes aliligundua jambo hilo katika zebaki mwaka 1911, kwenye nyuzi 4.2 za Kelvin. Maelezo yalikuja mwaka 1957 kutoka kwa Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer: elektroni hufungwa nira, mbili mbili, kama ng'ombe wa plau, na jozi zote huenda kwa hatua moja. Nira yenyewe ni mtikisiko wa fuwele. Katika kila jozi spini moja iko juu, nyingine chini.

Fikiria sasa kuitia sumaku katikati ya jozi hizo. Sumaku inataka spini zote zielekee upande mmoja, kwa hiyo inavunja nira. Mwaka 1958 Bernd Matthias na wenzake walionyesha kwamba kuingiza kiasi cha atomu moja ya gadolini katika kila mia za lanthani kunatosha kuua karibu usupakondakta wote. Matthias, aliyegundua supakondakta nyingi kuliko mtu yeyote wa zama zake, aliwaonya wenzake wakae mbali na usumaku, na oksijeni, na vihami. Ilikuwa busara ya mtu mzoefu, ikafuatwa kwa miaka, ikawapitisha watu mbali na hazina.

Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake nchini Ujerumani walitangaza kwamba kampaundi ya seri, shaba na silikoni inakuwa supakondakta chini kidogo ya nyuzi 0.6 za Kelvin. Atomu moja katika kila tano ni ya seri, nayo seri ina usumaku. Kwa kipimo cha Matthias kitu hicho kilipasa kuwa kimekufa mara ishirini. Wengi hawakuamini, wakadhani ni uchafu kwenye sampuli. Lakini Steglich alikuwa na ushahidi ambao mimi nauona kuwa wa kupendeza kuliko yote katika fani hii: ukiiondoa seri na kuweka lanthani, ambayo haina usumaku, usupakondakta unatoweka. Kilichodhaniwa kuwa sumu ndicho kilichokuwa chakula. Humo elektroni huburuta mazingira yao ya kisumaku hadi zikaonekana na uzito mara mia kadhaa ya uzito wake wa kawaida, na ni elektroni hizohizo nzito zinazoingia nira.

Kisha mwaka 1986, kule Zürich, Georg Bednorz na Alex Müller wakaanza kupima oksidi ya shaba yenye lanthani na bari, wakaona ukinzani ukianguka kuanzia kama nyuzi 35. Oksijeni, usumaku, uhami: yote matatu aliyoyakataza Matthias yamo. Oksidi ile mama, isiyotiwa bari, ni kijia cha punda kilichojaa kabisa, kihami chenye spini zinazopishana juu na chini. Ukitia bari, unaondoa elektroni chache, sawa na kuwatoa punda wachache njiani. Mwendo unaanza. Lakini kila anayesogea anavuruga mpango wa vichwa alikopita, na anayefuata nyuma yake anaurekebisha, kwa hiyo wawili wakiandamana uharibifu unapungua. Wanafizikia wengi wanaamini nira ya oksidi za shaba imetengenezwa kwa usumaku wenyewe, kwa namna iliyo karibu na hiyo. Nami ni mmoja wao, ingawa picha yangu ya punda imerahisisha mno, na zaidi ya miaka 35 baadaye hakuna hesabu iliyokubaliwa na wote.

Mapema mwaka 1987 Paul Chu, Maw-Kuen Wu na wenzao wakaifikisha nyuzi 93 kwa kampaundi ya itri, bari, shaba na oksijeni. Chuma chenyewe kimeingia mara mbili. Mwaka 2001 Wajapani walikiminya chuma safi kwa mgandamizo wa angahewa zaidi ya 150,000 hadi usumaku wake ukafa, kikawa supakondakta karibu na nyuzi 2. Na mwaka 2008 Hideo Hosono akapata nyuzi 26 katika kampaundi ya chuma na aseniki. Kuna kampaundi ya urani na jerimani, iliyotangazwa mwaka 2000, ambayo inabaki sumaku huku ikiwa supakondakta, elektroni zilezile zikifanya kazi zote mbili. Mwaka 2023 China ikaleta oksidi ya nikeli, iliyominywa, karibu na nyuzi 80. Orodha inaendelea, na karibu kila mara usupakondakta hupatikana ukingoni, pale usumaku unapokaribia kufa lakini haujafa.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisoma majina haya ya elementi atasikia ramani ya nchi zake. Mlima Mrima wa Kwale una niobi na madini adimu, seri ikiwemo. Niobi ikichanganywa na titani ndiyo waya wa sumaku zinazozunguka mgonjwa ndani ya mashine ya MRI, na waya huo hupozwa kwa heliamu, gesi ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa kwa wingi katika bonde la Rukwa, Tanzania. Shaba iko Katanga. Watu wengi hukomea hapo na kusema sisi ni matajiri. Mimi sioni hivyo. Mchanga mweusi umepita chini ya miguu yetu vizazi na vizazi, na aliyeuliza kwa nini unaacha kupitisha umeme alikuwa Eindhoven, mji usio na mto wa mchanga mweusi. Kilichomsaidia ni maabara na watu wa kubishana nao.

Watu hao wameanza kupatikana hapa. Shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa elektroni katika vitu, inayojulikana kwa kifupi kama ASESMA, ilianza mwaka 2010 Cape Town, na mwaka 2012 ikafanyika Eldoret, Chepkoilel, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Baada ya hapo ikaenda Johannesburg, Accra, Addis Ababa na Kigali, ambako tangu mwaka 2018 pana taasisi ya fizikia ya kina ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wanajifunza programu isiyolipiwa, na hesabu nzito hutumwa kwenye kompyuta kubwa za Cape Town. Ni kazi ya kujivunia. Ila mbinu ya kawaida ya hesabu hizo inaitendea kila elektroni kana kwamba inawaona wenzake kwa wastani tu, kama umati wa mbali. Ukiipa oksidi ya shaba na lanthani, inajibu kuwa ni metali isiyo na usumaku, ilhali ni kihami chenye usumaku. Ukiipa magnetaiti iliyopozwa, inasema umeme unapita. Lazima uiongezee hesabu ya Hubbard kwa mkono, yaani ile gharama ya elektroni mbili kukaa pamoja, na kuichagua gharama hiyo kunataka uelewa kuliko nguvu za kompyuta. Utafiti wetu umeelemea vitu vya seli za jua, na jua tunalo, sibishi. Ningependa watano kati ya kila mia wageukie vitu vilivyobanana.

Upande wa vipimo tuko nyuma zaidi. Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu lisilo na sinkrotroni. Harakati za kuidai zina kamati yake tangu mwaka 2015, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Grenoble, palepale fuwele ile ndogo ya magnetaiti ilipofunguliwa siri yake.

Hata hivyo baridi inayohitajika imeshafika Mbumbuni, juu ya bodaboda. Mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija hubeba mbegu za fahali ndani ya mtungi wa naitrojeni kimiminika; upandishaji wenyewe wa mrija umekita mizizi nchini tangu kituo cha Kabete kilipoanzishwa mwaka 1946. Naitrojeni hiyo iko kwenye nyuzi 77 za Kelvin. Iko chini ya 120, mahali magnetaiti inapogoma. Iko chini ya 93, mahali ambapo kampaundi ya Chu na Wu inaacha ukinzani wote. Katika baridi moja, ya mtungi mmoja wa mtaalamu huyo wa ng'ombe, oksidi ya chuma inakataa umeme na oksidi ya shaba inaupitisha bila kudai chochote, na zote mbili zinafanya hivyo kwa sababu elektroni zake zimebanana.

Nimeamua kulifanya jaribio hili darasani. Mchanga wa mto hautaporomoka ghafla kama fuwele safi ya Verwey, kwa kuwa una titani ndani yake, na titani kidogo tu huufuta ule mkato. Lakini ukinzani wake utapanda, na mita ya fundi redio itatosha kuuona ukipanda. Kidonge cha oksidi ya shaba ni cha kuagiza, si ghali. Nahitaji nusu lita ya naitrojeni, miwani, glavu nene, na mtaalamu atakayekubali kupita shuleni kabla mtungi wake haujaisha. Mchanga tayari upo. Tumeuvuta kwa sumaku ya spika, tukauosha mara tatu, na sasa unakauka kwenye mkebe wa majani chai dirishani mwa maabara.